Pembea ya Sikukuu

"Mama, picha iko wapi?"

Nilikuwa nimemwambia binti yangu kwamba Idi moja, Malindi, tulipanda pembea kubwa ya mbao ufuoni, ile ya kuzunguka. Kwake yeye, lisilo na picha halikuwapo.

Basi likizo ile nikatafuta. Albamu za mama: harusi, maulidi, harusi tena, na mbuzi mmoja asiyejulikana wa nani. Nikatembea ufuoni toka makaburi ya mnara hadi jeti. Bahari imejiendea zake. Mchanga wa Mto Sabaki umeijaza ghuba mwaka hadi mwaka, na pale nilipodhani pembea ilisimama, maji sasa yako mbali. Wazee wawili kwenye bao wakabishana: mmoja aliipanda, mwenzake anasema hajawahi hata kuisikia. Nikawaacha na kete zao.

Kaka yangu ndiye aliyenimaliza. "Ile ilikuwa Makadara, Mombasa. Baba alitupeleka kwa basi. Ukatapika kwenye feri ya Kilifi."

Kutapika nakumbuka.

Lakini nakumbuka na hili. Masanduku manne ya mbao, wanaume wawili wakisukuma kwa mikono, chuma cha katikati kikilia kama punda mwenye njaa. Nauli thumni. Sanduku letu likafika juu kabisa, likasimama. Huko chini mtu anashuka, tena hana haraka. Vidole vyangu vyekundu kwa mabuyu, nimeng'ang'ania ubao. Upepo wa kusi ukaingia ndani ya gauni langu jipya, likafura, nikadhani nitapeperuka nalo. Mbele yangu bahari yote, na mashua moja yenye tanga lililotiwa kiraka. Maji yalikuwa ya kahawia, kama chai ya maziwa iliyokolea. Nilitaka kushuka. Nilitaka pia yule mtu wa chini asimalize kushuka.

Rangi hiyo ndiyo kesi yangu yote. Juu ya Makadara ungeona mapaa ya nyumba. Nami nilikuwa darasa la pili, 1989, na Idi ya Ramadhani mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Mei, katikati ya masika. Masika Sabaki hushuka na udongo wa bara, bahari ya Malindi ikabadilika rangi. Tena mto wenyewe huko juu huitwa Athi, na hupita si mbali na hapa Nairobi ninapoishi. Kwa hiyo ushahidi wangu ni tope, na huenda sehemu yake imetoka huku huku kwangu.

Nikamwandikia kaka hesabu hiyo yote, ndefu, na tarehe zake. Akanijibu kwa sauti, wanawe wakipiga kelele nyuma:

"Masika? Basi hata Makadara palikuwa na matope, dada."

Binti yangu akaomba aisikilize tena, akacheka.