Siku moja maishani mwangu: mbunifu majengo, Mbeya

Saa 12 asubuhi. Julai ya Mbeya haina mzaha. Naoga maji ya moto, chai ya haraka, daladala kutoka Uyole. Mtaani wananiita mchora ramani, kana kwamba kazi ni rula na penseli tu.

Saa 2. Ofisini: ngazi za kurekebisha, kibali cha ujenzi cha kufuatilia halmashauri.

Saa 4. Anaingia mheshimiwa mmoja. Anajenga nyumba ya kupangisha wanafunzi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza. Mimi bado naamini lile la kwanza. Namchorea kwa sababu ofisi ina vijana wanaosubiri mshahara, na nikikataa ataipata ramani kwa mtu asiyemjali mpangaji.

Nimechora vyumba 12. Anataka 16.

“Injinia, gawa hapa katikati.”

“Vinne vitakosa dirisha, mheshimiwa.”

“Mwanafunzi anarudi kulala tu!”

Namweleza: kwa baridi hii wapangaji huingiza jiko la mkaa ndani. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala nayo, haamki. Mheshimiwa anapokea simu, anaongea weee, anarudi palepale: tuweke tundu juu ya mlango. Tundu la kutokea wapi, na korido yenyewe imefungwa pande zote? Anapiga hesabu ya kodi mbele yangu, chumba kwa chumba. Hesabu inamwishia, anaianza tena.

“Heshima yako naijua, mheshimiwa, ila muhuri wangu haugongwi kwenye chumba kisicho na dirisha.”

“Nyie siasa imewajaa.”

Imenijaa kweli. Mpangaji naye ni mwananchi.

Mchana saiti Iyunga, fundi kapunguza nondo kwenye nguzo, tumezifungua upya. Sikumbuki nilikula saa ngapi.

Giza limeshaingia mheshimiwa anapopiga simu. Amekubali vyumba 14, vyote na madirisha, lakini baraza la pamoja la kupikia na kusomea liondoke. Linaniuma, maana ndilo nililipenda kuliko yote. Nimelifuta. Mgongo unawaka, na bado vipimo vya choo havijakaa sawa. Kesho saa 3 anataka ramani mezani.