Kile kitufe hakijazi upepo

Mwaka wangu wa kwanza hapa Minnesota nilitoka zamu ya usiku saa moja asubuhi, baridi imefika nyuzi 0 za Farenhaiti, yaani kama 18 chini ya sifuri kwa vipimo vya nyumbani. Nikawasha Camry yangu ya mtumba, na kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano nisiyoijua: umbo la kiatu cha farasi, katikati alama ya mshangao, ambayo sasa najua huonya kwamba upepo wa matairi umepungua. IST niliyoiuza Dar haikuwa na taa hiyo. Nikazunguka gari, nikapiga matairi teke moja moja, yote yakaonekana mazima. Nikampigia kaka mmoja wa nyumbani aliyenitangulia huku. Akasema, "Dada, inama chini ya usukani, kuna kitufe. Kishikilie mpaka taa ipepese mara tatu, itazima."

Ikazima kweli. Nikamshukuru, nikaenda kulala.

Wiki tano baadaye nikapeleka gari kumwaga oili. Fundi akaniita nilione likiwa juu: matairi ya mbele yameliwa pembeni, ndani na nje, katikati bado yana kashata. Akapima presha ya upepo, akasoma psi 22 (psi ndiyo kipimo cha presha huku). Karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva inasema 33. Wiki tano nimekimbia maili 60 kwa saa barabara kuu, kwenye theluji, nikiwa nimembeba mtoto wangu kiti cha nyuma, na gari halikunionya kwa sababu nilikuwa nimelinyamazisha mwenyewe.

Ndiyo maana nawaandikia wadogo zangu mnaokuja mwaka huu, mlijue hili kabla ya Novemba. Unapokibonyeza kile kitufe unaliambia gari kwamba presha iliyopo sasa hivi ndiyo sahihi, ikumbuke. Ukikibonyeza tairi likiwa na 24, gari litaichukua 24 kuwa ndiyo kawaida, na upepo ukiendelea kupungua huenda lisiseme neno. Kwa hiyo upepo kwanza, kitufe baadaye.

Na msishangae taa kuwaka asubuhi ya kwanza ya baridi kali bila pancha yoyote. Kila joto likishuka nyuzi 10 za Farenhaiti, tairi hupoteza kama psi 1. Ukijaza 33 mwezi wa tisa kukiwa na nyuzi 70, siku ikifika 0 utabaki na 26 hivi, na hapo hatujahesabu kinachovuja taratibu kila mwezi. Sheria ya Marekani inataka taa iwake presha ikipungua kwa asilimia 25. Kwa tairi la 33 ni kama 25. Ukiendesha dakika ishirini tairi linapata moto, presha inapanda, na taa inaweza kuzima yenyewe. Hapo ndipo wengi tunadanganyika tukadhani imepona.

Sheria yenyewe ilitokana na vifo. Matairi ya Firestone kwenye magari ya Ford Explorer yalikuwa yakichanika barabarani na magari kupinduka, na mwaka 2000 bunge la Marekani likapitisha sheria. Tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa hapa lazima liwe na taa hii.

Nunueni geji yenu wenyewe. Pimeni asubuhi kabla ya kuendesha, au gari likiwa limeegeshwa kwa muda wa saa tatu au zaidi. Fuateni namba ya mlangoni. Ile iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake tu. Huku hakuna fundi pancha wa kona wala kijana wa sheli wa kukujazia: unatumbukiza sarafu kwenye mashine au unagusisha kadi, kisha unachuchumaa mwenyewe kwenye theluji. Maduka mengi ya matairi hupima na kujaza bure ukiwaomba kwa upole, na mimi siku za baridi kali ndiko ninakokwenda. Ila wakikujazia ndani ya gereji yenye joto, pima tena nje kesho yake, maana itakuwa imeshuka.

Upepo ukishakaa sawa, kwenye Camry kama yangu washa swichi gari likiwa limesimama, shikilia kitufe mpaka taa ipepese taratibu mara tatu, kisha liache dakika chache kabla ya kuzima. Honda nyingi za miaka ya karibuni hazina sensa, yaani kifaa cha kupima presha, ndani ya tairi; zinalinganisha mizunguko ya magurudumu, hivyo baada ya kuanzisha upimaji upya kwenye menyu zinahitaji kuendeshwa kama nusu saa ili zijifunze. Magari mengine hayana kitufe kabisa, yanazima taa yenyewe baada ya maili chache. Kitabu cha gari kitakuambia.

Taa ikipepesa kama dakika moja kila unapowasha gari, halafu ikabaki imewaka, hilo ni tatizo jingine. Mfumo wenyewe una hitilafu, mara nyingi betri ya sensa imekufa baada ya miaka mingi, na hapo fundi anahitajika.

Juzi binamu yangu, aliyefika mwezi wa nane, amenipigia alfajiri.

"Dada, ile taa imewaka."

"Imewaka tu, au ilianza kwa kupepesa?"

"Imewaka tu."

"Usiguse kitufe. Fungua droo ya mbele, geji iko chini ya kitabu cha gari. Anza na tairi la upande wako, unisomee."