Kizuri chajiuza? Kwenye skripti sio hivo

Kazi hii ya kusoma skripti ambazo bado hazijatengenezwa nimeingia kiajabuajabu tu, prodyusa mmoja alikuwa na rundo hajui aanzie wapi akanipa kumi akasema wewe si unapenda muvi, nisomee uniambie ipi inafaa. Nikajiona nimeula, kulipwa kwa kusoma stori! Kumbe sijui chochote.

Mwanzo nilisoma kama mtazamaji, ikinigusa napitisha, isiponigusa natupa. Sasa kuna moja ilinitoa machozi kabisa, mzee anafunga safari kumtafuta mwanae aliyemkataa zamani, mazungumzo hayana hata neno la ziada, kila mtu mle ndani ana sababu zake na zote unazielewa. Nikaandika ripoti ya sifa mpaka mimi mwenyewe nikaona aibu. Prodyusa akaisoma skripti yote, akanipigia, wala hakubisha kwamba ni nzuri, akaniuliza vitu vitatu tu: itakula hela ngapi, nikienda kwa mwenye hela namwambia nini kwa sentensi moja, na nani atatoka nyumbani kwake kwenda kuiangalia. Nikabaki nang'aa macho kwenye simu. Maana ile kitu ilikuwa kurasa 148, kuna safari ndefu ya meli, halafu kumbukumbu za vita za miaka 40 nyuma, yaani magari ya zamani, nguo za zamani, bunduki za zamani, na umati wa watu juu. Wahenga walisema kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, ila nadhani hawakuwahi kupeleka skripti kwa mtu mwenye hela.

Nikaona isiwe tabu, nikageuka mhasibu. Nikawa nahesabu tu, usiku mwingi kataa, bahari kataa, watoto kataa. Hii nayo ilinitia aibu kwa sababu kuna moja nilikataa ukurasa wa 20 kisa boti inazama, watu wengine wakaichukua, wakamwambia mwandishi boti ikwame badala ya kuzama, basi, stori ile ile, woga ule ule, gharama imeshuka. Yaani mimi nilikuwa nimekataa boti, skripti yenyewe sikuisoma.

Ndo nikaanza kusoma mara mbili na mpaka leo sichanganyi. Mara ya kwanza nakaa sehemu moja, simu mbali, sina kalamu ya kuandika maoni, nasoma mpaka mwisho. Kitu pekee nachoweka ni kialama kidogo pembeni pale akili iliponitoka, pale nilipokumbuka kuna nguo nimeanika. Siandiki kwa nini. Na siamini sana kurasa kumi za kwanza, kila mtu anajua wasomaji wengi wanaishia hapo kwa hiyo waandishi wanazisugua hadi zinang'aa, ukitaka kumjua mwandishi nenda katikati, ukurasa wa 50 hadi 70, hapo stori ndo inaonyesha kama ina miguu au ilikuwa wazo tu.

Mara ya pili sasa naleta penseli na roho mbaya. Ukurasa mmoja unahesabiwa kama dakika moja hivi kwenye skrini, ndo maana wanang'ang'ania fonti ya Courier saizi 12, na mtu akipunguza nafasi za pembeni ili kurasa 130 zionekane 115 tunajua, jamani tunajua. Lakini ukurasa hauambii gharama. Watu wa uzalishaji wanaukata ukurasa vipande 8 ili wapange siku za kupiga picha, na "jeshi linavamia mji" ni mstari mmoja, kipande kimoja cha nane, ila kinaweza kula siku kadhaa. Wakati watu wawili wanaongea mezani kurasa nne unamaliza mapema tu. Kwa hiyo nahesabu lokesheni, sini za usiku za nje, maji, wanyama, umati, watoto pia maana nchi nyingi sheria inabana saa za mtoto kufanya kazi, na nyimbo maarufu zilizotajwa kwa jina kana kwamba ni za bure, wakati rekodi ina mwenyewe na utunzi una mwenyewe, mnaenda kuomba pande mbili.

Kilichonishangaza mimi ni hiki, ukiweka zile alama za uchovu juu ya hizi hesabu, mara nyingi zinaangukia kurasa zile zile! Skripti yenye lokesheni 46 sio kwamba mwandishi ana ndoto kubwa, mara nyingi hajaamua stori yake inaishi wapi, kwa hiyo kila akikwama anahamisha watu. Majibizano ya risasi na magari kufukuzana ukurasa wa 60 ni kwa sababu hakuna anayetaka kitu cha maana ukurasa wa 59. Siku hizi ripoti yangu naanzia hapo, hapo ndo panapouma kote kuwili, na mwandishi haumii sana ukimwambia sini hii ni ghali na pia haifanyi kazi, afadhali kuliko kumwambia ghali tu.

Upande wa soko sijifanyi nabii. Naangalia nani anaifuata, wenzetu wanagawa watazamaji mafungu manne, wanaume na wanawake, chini na juu ya miaka 25, na skripti ikisema ni ya wote manne naanza kuwa na wasiwasi. Mwandishi akiniletea mfano wa filamu inayofanana na yake analeta iliyopasua tu, mimi natafuta na zilizoanguka, za aina hiyo na bajeti hiyo, za miaka ya karibuni. Halafu mapato ya tiketi sio hela ya prodyusa, ukumbi unachukua fungu lake nono, msambazaji lake, matangazo nayo yanadai. Filamu ya kutisha inaweza kutembea bila sura maarufu, drama ya kimya kimya hapana, hiyo inabebwa na steringi, kwa hiyo nauliza kuna mwigizaji mkubwa ataigombania hii nafasi? Kama mhusika mkuu anafanyiwa maamuzi na wengine mwanzo mwisho, hakuna atakayeigombania.

Na kabla ya yote nauliza haki, yaani mwandishi ana ruhusa ya kuitumia hiyo stori? Niliwahi kumaliza siku mbili kwenye skripti ya maisha ya mtu aliye hai, ndo nagundua hakuna aliyeongea naye.

Mwishoni natoa hukumu mbili, ya skripti na ya mwandishi, kila moja kivyake: pitisha, fikiria, kataa. Kupitisha ni adimu mno. Ile Black List ya Hollywood aliyoianzisha Franklin Leonard mwaka 2005 inakusanya skripti ambazo watu wa ndani wamezipenda na hazijatengenezwa, kuna zilizotoka humo zikabeba Oscar, na kuna nyingi mpaka leo ni makaratasi, hao hao wamezipenda lakini. Ndo maana naandika kataa skripti, shikilia mwandishi, mara nyingi tu.

Yule wa mzee na mwanae nilimwandikia hivo. Mwaka ukapita akarudi na kurasa 104, meli hakuna, vita yote imeingia kwenye sini moja, wazee wawili mezani mmoja anakataa kula. Nililia pale pale nilipolia mwanzo. Prodyusa akaniuliza maswali yake, mawili nikajibu bila kusita, la nani atatoka nyumbani nikamwambia nipe wiki, na hiyo wiki inaisha Ijumaa.