Nilivyochagua bima ya afya kwa risiti zangu mwenyewe

"Chukua ile ya milioni, dada, ufunge macho." Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa na karibu kila mtu nilipoanza kutafuta bima ya afya ya familia, na mpaka leo yananikera. Hiyo milioni ndiyo kikomo, yaani kiasi cha mwisho ambacho bima italipa, nayo ni ya kulazwa. Mimi ni fundi wa kushona hapa Mombasa, mume wangu ni dereva wa tuktuk, watoto tunao wawili, na mwaka uliotangulia pesa zetu hazikuishia wodini. Ziliisha elfu mbili hapa, elfu tatu pale: kifua cha mdogo, dawa za presha za baba yao, jino, kipimo cha damu, jino tena. Mtu anayekushauri bima kwa kutazama tarakimu kubwa kuliko zote kwenye karatasi hajakuuliza hata kwenu mnaumwa nini.

Nianze na SHA, bima ya afya ya serikali, maana hiyo si ya kuchagua. Tangu ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya serikali ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, kila mtu anatakiwa ajiandikishe na achangie. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Sisi tuliojiajiri tunaulizwa maswali kuhusu nyumba, paa, choo, maji na mifugo, kisha mfumo unakupangia kiwango chako, ambacho hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Uzito wake ni kwamba yatakiwa uilipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, tofauti na ile mia tano ya NHIF ya kila mwezi tuliyoizoea. Asiyekuwa nazo zote kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomkopesha alipe kidogo kidogo.

Wako walioniambia niiache, nichukue ya kampuni tu. Sikukubali. Ukishajiandikisha, zahanati na kituo cha afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, unatibiwa bila kutoa pesa. Ukilazwa, SHA inalipia kitanda kwa siku: nilipokuwa nikipiga hesabu zangu ilikuwa 3,360 hospitali ya ngazi ya 4, 3,920 ya ngazi ya 5 na 4,480 ya ngazi ya 6. Kujifungua kwa kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000. Chukua takwimu hizo uende nazo hospitali ya kibinafsi unayoipenda, uulize kitanda chao ni pesa ngapi kwa siku. Tofauti utakayoipata ndiyo unayoinunulia bima ya pili. Halafu bima ya kampuni niliyoichukua mimi yataka SHA iwe imelipwa. Ukilazwa na SHA yako imelala, sehemu ambayo ingelipwa na SHA inakuangukia wewe.

Sasa hizi za kampuni. Kwanza nilijaribu njia ambayo kila mtu huifikiria, kuchora jedwali daftarini na kuzipanga bima zote safu kwa safu. Jedwali lilinishinda kabisa, na sababu yake ni kwamba kampuni hazihesabu kwa kipimo kimoja. Hii inasema laki tano kwa familia nzima, ile inasema laki tatu kwa kila mtu, na ukiwa wanne ile ya laki tatu ndiyo kubwa. Hii imetia uzazi ndani ya kikomo cha kulazwa, ile imeutenga na kuutoza peke yake. Ndani ya kikomo kikubwa mna vikomo vidogo ambavyo kwenye ile karatasi ya rangi hawaviandiki: maradhi ya kudumu mwisho kiasi hiki, upasuaji usiotokana na ajali mwisho kiasi hiki, chumba usizidi hiki. Nilipowaomba maajenti mkataba wenyewe niusome kwanza, wengi walinijibu nitaupata nikishalipa. Aliyenitumia kabla ya kulipa nilimpa heshima yake, na mwisho wake ndiye aliyepata biashara.

Jedwali lilipokwama ndipo nikakumbuka kwamba mimi risiti situpi. Za vitambaa naweka, za hospitali naweka. Nikazitandaza zote kwenye meza ya kukatia nguo, nikazipanga kwa mwezi, kila mwezi na bonge lake, kisha nikachukua bima moja moja na kuipitisha juu ya kila risiti kwa swali moja tu: hii ungeilipa? Ikilipa, naandika ingelipa kiasi gani. Isipolipa, naweka mkwaju mwekundu. Nilikesha nayo, na nilifurahia kila dakika, kwa sababu kwa mara ya kwanza zile karatasi zilianza kusema ukweli.

Bima ya milioni moja, ile iliyokuwa ikisifiwa kila kona, ilijaa mikwaju. Matibabu ya kwenda na kurudi bila kulazwa hayamo, dawa hazimo, meno hayamo. Ya pili ilikuwa na hayo matibabu ya kwenda na kurudi, na hapo ndipo nilipokaa kitako. Kikomo cha matibabu hayo kilikuwa elfu hamsini kwa familia nzima kwa mwaka. Bei ya sehemu hiyo peke yake, kando na ya kulazwa? Elfu arubaini na kitu. Nikarudia hesabu. Ndivyo. Nilikuwa nauziwa elfu hamsini kwa elfu arubaini na kitu, na kila ukienda unaongeza shilingi mia kadhaa mfukoni, meno na miwani ni malipo mengine, na presha ya mume wangu ingesubiri mwaka mzima kwa kuwa alikuwa nayo kabla ya kuingia. Risiti zetu ambazo bima hiyo ingekubali kulipa hazikufika hata elfu thelathini.

Basi nikanunua ya kulazwa peke yake, yenye kikomo cha wastani cha familia, na zile pesa za matibabu ya kwenda na kurudi naziweka mwenyewe kila mwezi kwenye sacco. Zisipotumika ni zetu. Lakini mdogo wangu alifanya kinyume na alikuwa sawa: ana watoto wadogo watatu, na risiti zake zilikuwa zikipita kikomo kabla ya mwaka kwisha. Kila mtu na risiti zake. Na anayetarajia kuzaa anunue bima kabla ya mimba, kwa sababu muda wa kusubiri kwa uzazi katika zote nilizozisoma ulikuwa miezi kumi na kuendelea.

Kabla ya kulipa nilikwenda hospitali tunayotibiwa, nikamwendea binti wa dawati la bima asubuhi mapema kabla hawajajaa watu, nikamuuliza kadi zipi huidhinishwa haraka na zipi humweka mgonjwa kwenye benchi. Kampuni moja iliyoiorodhesha hospitali hiyo kwenye karatasi yake, yule binti alinieleza kwamba wao wameshaacha kuipokea kadi yake. Ajenti hakunitajia hilo. Nendeni kwenye madawati hayo jamani, ndiko kwenye habari.

Lililonikasirisha kuliko yote ni ajenti aliyemwambia mume wangu, penye swali la presha kwenye fomu, aandike hapana ili malipo yashuke. Huo si ushauri. Siku akilazwa kwa kiharusi, Mungu apishe mbali, kampuni itaomba rekodi zake, itakuta miaka ya vidonge, na ina haki ya kukataa bili yote. Tuliandika ndiyo, tukataja na dawa anazokunywa. Wakampa kikomo chake kidogo kwa presha na mwaka wa kusubiri, na hayo yote yameandikwa kwenye mkataba nilionao kabatini. Mwanangu mkubwa alipolazwa kwa nimonia, tulitia sahihi tukaondoka naye. Hakuna aliyetuuliza lolote.

Mama mkwe ndiye aliyenipa kazi. Kwenye SHA yetu hawezi kuingia, maana tegemezi ni mke au mume na watoto. Kampuni nazo nilizouliza zilimkataa kwa umri, na moja iliyomkubali ilitaja bei inayozidi yetu sisi wanne. Tukamwandikisha SHA yake kwa *147#, tukamjibia yale maswali akiwa amekaa nasi, na malipo yake ya mwaka tunagawana na mashemeji.