Haya ya Baba

Leo Alhamisi, na mimi bado niko Jumapili jioni, pale sebuleni, Baba kashika injini yangu ya treni, mfano mdogo ninaouunda mwenyewe, kwa mikono miwili kama aliyepewa kifaranga.

Mnajua alifika Ijumaa na basi la kutoka Manyoni kwa ajili ya posa ya mdogo wangu (imepokewa, mahari imepangwa, tunamshukuru Mungu). Mnajua pia injini hiyo nimeihangaikia tangu Machi, nikitaka aikute imekamilika. Mtu aliyekuwa gadi wa treni za reli ya kati miaka 32 humpelekei kitu nusu.

Aliigeuza, akahesabu magurudumu, 12. Akaiweka kwenye kipande cha reli, akainama kuchungulia.

"Hii ya mita moja. Si ya SGR."

Moyo ukanidunda. Nafasi ile kati ya reli mbili niliipima mara tatu. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, mita moja ya reli ya zamani inakuwa milimita 11.5, na SGR, reli mpya yenye milimita 1,435, ingekuwa 16.5. Tofauti ya milimita tano, na hakuvaa hata miwani.

Kisha akainua macho ukutani, kwenye gitaa langu, akaniuliza.

"Mama, gitaa umeacha?"

"Sijaacha, Baba."

"Mbona nyuzi tano?"

"Wa pili nimeutumia. Ndio huo hapo, pa kushikia, pembeni."

Akapitisha kidole. "Hapa?"

"Ndiyo."

"Haya."

Akaiweka mezani polepole, akaomba maji ya kunywa.

Nimekua nikizisikia haya zake. Iko ya kukubali, twende. Iko ya mnunuzi anayeondoka dukani bila kununua. Na iko ile aliyomwambia Mama kila aliporudi safari akakuta fedha ya ada imeenda kwingine, fupi, isiyotaka mjadala. Ya Jumapili ilikuwa ipi? Baba Neema anasema mzee alikuwa na uchovu wa safari. Safari gani, na alikuwa na siku mbili hapa?

Kinachoniuma ni kwamba ule waya haukukatika. Niliulegeza mwenyewe Alhamisi ya wiki iliyopita usiku, nikaukata kwa koleo. Gitaa lenyewe alininunulia kwa kiinua mgongo chake, kabla hata hajaezeka nyumba. Lakini kwa pa kushikia, waya wa umeme unapinda, njiti inavunjika, na uzi namba 2 wa gitaa ni chuma kitupu, kimenyooka, unene milimita 0.36. Zidisha mara 87 unapata milimita 31, bomba ambalo kiganja cha mtu mzima kinalishika barabara. Mjini wanauza seti nzima, si mmoja mmoja, na mshahara ulikuwa bado.

Nilitaka kumweleza kwamba mikononi mwangu kazi hizi mbili zimeshaingiliana. Msasa namba 400 unaolainisha bodi ya injini ndio ninaolainishia ncha za vile vyuma vya shingoni mwa gitaa, maana kiangazi cha Dodoma mbao inasinyaa, chuma hakisinyai, na kuanzia Mei hivi ncha zinachoma mkono. (Sponji mbichi ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa, ukakiweka na gitaa kwenye begi lake, inasaidia sana.) Na sugu za nyuzi kwenye vidole vya kushoto zimeniokoa na supaglu mara ngapi! Yote hayo yalikuwa mdomoni. Nikamletea maji.

Jumatatu akaondoka. Jumanne ofisi ikahamia Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Jioni, nikiwa na vumbi la njiani bado, nikapita dukani nikanunua seti. Nikafunga nyuzi zote sita, nikapiga, Neema akanirekodi kwa simu. Nilipiga solo tupu. Baba ndiye aliyenifundisha kutofautisha solo na ridhim, redio ikimpiga Mbaraka Mwinshehe, kabla sijajua kusoma. Nikamtumia bila neno lolote.

Jibu liliingia Jumatano saa kumi alfajiri, saa aliyokuwa akiamkia zamu:

"Wa pili uko chini kidogo. Injini iwekee namba."

Nikalishusha gitaa palepale, nikiwa na kanga. Kweli, wa pili ulikuwa chini. Waya mpya hunyumbuka siku za mwanzo na sauti inashuka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijasikia. Yeye kasikia akiwa Manyoni, kwenye spika ya simu yenye ufa. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka maziwa yakafurika.

Namba gani, hakusema. Nadhani naijua. Ni ile aliyokuwa akiitaja Mama akisikia honi, kabla treni haijaonekana.

Tenki la maji limeanza kuvuja tena, chini kwenye koki, na zamu yetu ya maji ni Jumamosi. Nimeweka ndoo chini yake, lakini upepo wa wiki hii unaijaza mchanga. Sijui kama tutafika.