Bibi aliyeuliza ameze kabla au baada ya kula

Kipindupindu kilizuka wiki chache baada ya mafuriko, nami nikajitolea kupeleka taarifa za afya kwa watu. Siku nne za kwanza niliamini kazi inakwenda vizuri. Gari la matangazo lilizunguka asubuhi na jioni, mabango yalibandikwa, ujumbe ulitumwa kwenye simu. Siku ya tano nikaingia kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, nia yangu ikiwa kuhakikisha tu kwamba vidonge vya kutibu maji vimemfikia.

Vilikuwa vimefika. Alikuwa amevifunga kwenye kitambaa pamoja na dawa zake za presha. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, hivi vya kwenu nimeze kabla au baada ya kula?"

Nilishtuka, lakini bibi hakuwa na kosa. Sisi ndio tuliotangaza "dawa ya maji", tukamkabidhi vidonge, tukaondoka. Kidonge alichokijua yeye maisha yake yote ni cha kumeza. Karatasi ya maelezo ilikuwa na herufi ndogo ambazo macho yake hayakuweza kuzisoma. Nikachota ndoo ya lita 20, nikamwachia yeye mwenyewe atumbukize kidonge kimoja, maana aina tuliyopewa ndivyo ilivyotaka, tukafunika na kusubiri nusu saa mpaka maji yafae kunywa.

Katika nusu saa hiyo bibi alinipa orodha ambayo ofisini hatukuwa nayo. Nyumba ya tatu kuna mama kiziwi. Nyuma yake kuna familia za wageni wasioelewa lugha yetu, na zinaogopa kila anayekuja na daftari. Mbele kidogo kuna kijana asiyeweza kuinuka kitandani, na watu wengi hata hawajui kama yupo. Tangu siku hiyo, kila nyumba niliyoingia niliuliza swali moja kabla ya kuaga: nani hapa karibu habari hazimfikii?

Yule mama kiziwi alikuwa ameona majirani wakihangaika na ndoo, akadhani maji yamekatika. Gari la matangazo lilikuwa limepita mlangoni kwake siku nne mfululizo! Nilirudi na kijana kiziwi anayejua lugha ya alama, na mazungumzo yao yalikwenda haraka kuliko macho yangu yalivyoweza kufuata. Kesho yake mama huyo ndiye aliyetupeleka kwa viziwi wengine watatu.

Kwa wale wageni tulikwama mwanzoni. Milango ilifungwa tulipokaribia, na sikuwalaumu, kwa sababu mtu mwenye sare na kalamu huenda alishawahi kuwaletea matatizo. Tukavua vizibao, tukaacha kuandika majina, tukatafuta wanamsikiliza nani wao kwa wao. Alikuwa mama mmoja anayewazalisha. Tulimweleza yeye taratibu kwa msaada wa mwanawe aliyejua lugha zote mbili, na yeye akawaeleza wenzake kwa maneno yake. Maswali aliyoturudishia jioni yalikuwa makali kuliko yote niliyowahi kuulizwa kwenye mikutano yetu.

Jambo jingine nililobadilisha ni lile swali la "umeelewa?" Mtu mwenye heshima zake hujibu ndiyo, mgeni aende kwa amani. Nikaanza kusema, "Mama, nionyeshe utakavyomtengenezea mtoto." Pale ambapo pakiti za ORS, yaani chumvichumvi inayochanganywa na maji ili kumrudishia anayeharisha maji mwilini, zilikuwa hazijafika, tulikuwa tunafundisha mchanganyiko wa nyumbani: lita 1 ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Mama mmoja alirudia maneno yote bila kukosea, kisha akachukua kijiko kikubwa cha kulia na kukijaza chumvi kikafura. Chumvi nyingi namna ile ingemdhuru mtoto anayeharisha. Kuanzia hapo kila mmoja wetu alitembea na kijiko cha chai na chupa ya lita 1, na wenyeji ndio waliopima, si sisi.

Tangazo letu lenyewe lilihitaji kurekebishwa. Lilianza na "Kipindupindu kinaua." Ni kweli, mgonjwa anayeharisha sana anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kuishiwa maji mwilini. Lakini neno hilo likitangulia, watu huficha wagonjwa wao. Wakati wa Ebola Afrika Magharibi, kati ya 2014 na 2016, ambapo watu zaidi ya 11,000 walikufa, ujumbe wa mwanzo kwamba ugonjwa hauna dawa uliwafanya wengi wabaki na wagonjwa nyumbani. Sikutaka turudie kosa hilo. Tukabadilisha: "Kipindupindu kinatibika ukiwahi. Anza kumpa maji ya ORS sasa hivi, na endelea kumpa njiani mnapokwenda kituoni." Tulimwomba mzee mmoja aliyepona atangaze kwa sauti yake mwenyewe, na jioni hiyo nyumba mbili zilitoa wagonjwa waliokuwa wamefichwa.

Wapo tuliochelewa kuwafikia, na bado linaniuma. Ni vibarua wanaotoka kabla hakujapambazuka na kurudi usiku. Kila tulipobisha hodi hatukuwakuta, tukaandika "hawapo" na kupita, hadi wiki ya tatu. Hatimaye niliamka saa tisa usiku, nikabeba ndoo, vidonge, chupa na kijiko, nikaenda kusimama pale wanaposubiri usafiri. Walikuwa zaidi ya thelathini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuliona gari la matangazo.