Siku moja maabara, Dodoma: kupika ndugu wa fenitoini

Saa 1 asubuhi. Kabla ya kemikali, maji. Ya bomba hapa yana chumvichumvi; yakipita kwenye kondensa (mrija wa kioo unaopoza mvuke urudi chupani) muda mrefu huacha ukoko mweupe. Natumia ndoo ya lita 20 yenye barafu na pampu ndogo inayozungusha maji yale yale. Bomba likikauka, kazi haisimami.

Saa 2. Mizani. Tunachotafuta ni fenitoini, dawa ya kifafa, ila yenye klorini moja kwenye kila pete ya benzini. Diklorobenzili (malighafi ya manjano, yenye pete mbili na klorini zake tayari) gramu 2.79, yurea gramu 1.2, ethanoli mililita 30, kisha kostiki soda ya asilimia 30, mililita 6. Yurea (ndiyo, ile ile ya shambani, ila safi) ni mara mbili ya hesabu, maana soda huivunja nyingine ikatoka kama amonia. Mdomo wa chupa upake grisi, la sivyo soda itaugandisha na kondensa.

Kwa nini klorini? Ili kupenya kizuizi kati ya damu na ubongo, molekuli lazima ipende mafuta kiasi. Kipimo cha mapenzi hayo kinaitwa logP, na klorini moja hukipandisha kwa karibu 0.7. Fenitoini ina kama 2.5, kwa hiyo mbili zinatufikisha karibu na 4. Mimi singeongeza ya tatu: dawa ingenata kwenye protini za damu na kugoma kuyeyuka.

Saa 3 hadi 5 na nusu. Kuchemsha. Vitabu husema saa mbili, lakini Dodoma iko mita 1,100 na ushei juu ya bahari, ethanoli huchemka nyuzi 3 hivi chini ya 78. Naongeza nusu saa. Umeme ukikatika, dakika za ubaridi hazihesabiwi.

Saa 6. Mchanganyiko unamwagwa kwenye mililita 50 za maji, unatulia dakika 15.

"Mwalimu, niweke asidi?"

"Bado. Chuja kwanza."

Hapa ndipo wengi huharibu. Molekuli mbili za yurea zikishika diklorobenzili moja, hutokea uchafu mweupe usioyeyuka kwenye soda. Dawa yetu, ikiwa chumvi ya sodiamu, huyeyuka. Ukitia asidi kabla ya kuchuja, vyote viwili vinashuka pamoja, vyeupe vyote, na kuvitenganisha ni kuanza upya.

Saa 7. Asidi ya hidrokloriki, tone kwa tone, hadi pH 2 au 3. Kabonati iliyotokana na yurea hutoa mapovu, basi tumia bika ya mililita 250.

Saa 9. Unga ulioshushwa na asidi, ukachujwa na kukauka, unapimwa. Malighafi yote ikigeuka dawa, hesabu ni gramu 3.21. Ukiwa na umanjano, diklorobenzili imebaki. Sahani ya silika, inayotenganisha vitu vilivyochanganyika, chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 254, tone la diklorobenzili pembeni kwa kulinganisha, huthibitisha.

Saa 10. Lebo. Mwanakemia Mjerumani Heinrich Biltz alitengeneza fenitoini mwaka 1908. Madaktari Merritt na Putnam wa Marekani wakaonyesha inazuia degedege mwaka 1938. Miaka 30 kabatini. Kwa hiyo kichupa kinaandikwa namba ya daftari, uzito, tarehe, na chini yake kwa wino mwekundu: HAIJAJARIBIWA.